"Sehemu ya mapato itaenda kuokoa Ziwa Victoria": sehemu gani, ya mapato yapi?

Kamongo wa Igogo (mleta uzi):

Wakuu, kwema? Walioko kanda ya ziwa, mwangaluka.

Kuna mtindo umeshika hapa Mwanza. Msanii anaachia ngoma, video kapigia juu ya mawe ya Capri Point, na chini ya tangazo kaweka kamstari: "Sehemu ya mapato itaenda kutunza Ziwa Victoria." Watu wanagonga makopa, wanasambaza, baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka. Sijaanzisha uzi kumchafua mtu, ndiyo maana sitaji msanii wala ngoma, na atakayetaja nitaomba modi afute. Ninachouliza ni kimoja tu: sehemu gani, ya mapato yapi?

Waliotutangulia kwenye hili jambo wamelipangia utaratibu. Chukua Bandcamp. Pale msikilizaji ananunua wimbo kama anavyonunua sato: analipa, anaondoka nao. Tovuti inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na ukitoa makato ya malipo, kilichobaki ni cha msanii. Machi 20, 2020, korona ilipofunga kumbi, wakaisamehe asilimia yao kwa siku moja, wanunuzi wakamwaga dola milioni 4.3. Aprili 2022, Siku ya Dunia, wasanii zaidi ya 100 wakaweka nyimbo zao hapohapo kwa ajili ya EarthPercent. Hiyo ni taasisi aliyoshiriki kuianzisha Brian Eno, prodyuza mkongwe wa Uingereza, inayokusanya vijiasilimia vya wanamuziki na kuvipeleka kwa mashirika ya mazingira. Na kabla ya hapo, 2015, wakati dunia inajiandaa kwa mkutano wa tabianchi wa Paris, kina Paul McCartney, Bon Jovi na Sheryl Crow walirekodi wimbo wa pamoja, mauzo yakaenda kwa Friends of the Earth na United Nations Foundation. Hapo kuna kitu kilichouzwa, na anayepokea hela anajulikana kabla hujatoa yako mfukoni.

Sasa njoo kwetu. Ngoma zetu nyingi haziuzwi, zinasikilizwa tu: YouTube, Boomplay, Mdundo, na Spotify iliyoingia Tanzania 2021. Huko Spotify, tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti. Ukifikisha, makadirio yanayozunguka ni kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa kila mara, na msikilizaji wa bure wa huku kwetu anavuta chini ya hapo. Piga hesabu. Mara 1,000 ni kama dola 4, yaani shilingi elfu kumi hivi. Msanii akitoa asilimia kumi, ni shilingi elfu moja. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800.

Kwa hiyo huyo ndugu anaweza kutimiza ahadi yake yote, bila kudanganya popote, na bado asinunue jozi moja ya glovu za kuokotea taka.

Hoja yangu: anayetaka kulichangia ziwa kwa muziki auze faili lenyewe, mkono kwa mkono, bei ijulikane. Mtu analipa kwa lipa namba, anatumiwa wimbo WhatsApp. Na tangazo liseme shilingi ngapi za kila nakala zinakwenda kwa nani. Nakala 300 kwa shilingi 1,000, na 500 ya kila moja iwe ya ziwa, hiyo ni 150,000 taslimu. Huko kusikilizwa kubaki kwa ajili ya jina.

Karibuni.

Chizi wa Pasiansi:

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, hapo kwenye kilomita za mraba umemmaliza mtu.

Fundi Mitambo:

Mleta uzi, nakuunga mkono nusu. Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo hapa mjini, ngoja nikuoneshe kitu ambacho tangazo haliwezi kukuonesha.

Msanii wetu wa kawaida anarekodi kwa mkopo. Biti ni ya mwingine. Gitaa kapiga kijana wa kanisani, kalipwa soda. Video kaigharamia meneja, naye anataka hela yake irudi kwanza. Kupandisha kwenye majukwaa kuna kampuni ya usambazaji, inakata chake. Masta yenyewe, yaani rekodi halisi ya wimbo, mara nyingi ni ya aliyelipa studio. Sasa msanii anaposema "mapato yangu", anasema kile kitakachobaki watu watano wakishanawa na kula. Ndiyo maana neno "faida" likionekana kwenye tangazo la hisani mimi nakaa mbali nalo. Faida mtu anaweza kuiua kwa risiti: mafuta ya gari la video, nguo, "mapromo". Mwisho wa siku hakuna faida, na hakuna aliyeiba.

Cha ziwa kitoke juu, kabla ya kugawana. Kila nakala ikinunuliwa, 500 ya ziwa inakaa pembeni, halafu tunagombania iliyobaki. Hivyo hata mimi prodyuza najua nimechangia, maana imepungua kwangu pia.

Na kuna jambo jingine la hao hao EarthPercent ambalo hukulitaja. Wana utaratibu wa kuiandika Dunia kama mtunzi mwenza wa wimbo. Msanii na wenzake wanakubaliana Dunia ipewe fungu lake kwenye haki za utunzi, na fungu hilo linakusanywa kama la mtunzi mwingine yeyote. Hilo limenikaa kichwani. Fikiria karatasi ya mgawanyo: mwimbaji 45, prodyuza 40, gitaa 10, Ziwa 5. Mnaisaini siku ya kurekodi, kabla hamjajua kama ngoma itatusua. Maana ikishatusua, nani atakubali kupunguza?

Kuhusu Bandcamp, msiwadanganye vijana. Wanalipa wasanii kupitia PayPal, na akaunti ya PayPal ya Bongo kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, kupokea hakuna. Hiyo lipa namba yako ndiyo Bandcamp yetu.

Mama Dagaa Mwaloni:

Wanangu, mimi mambo ya masta siyajui. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba tangu mabinti zangu wadogo. Naomba niongee kuhusu hiyo laki na nusu, maana naona mnaipanga bila kuuliza huku chini.

Vijana wakija kusafisha mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuokota si kazi. Wanaokota saa mbili, wanapiga picha, takataka zinarundikwa pembeni, wanaondoka. Mvua ya kwanza ikinyesha rundo lote linarudi majini. Gharama iko kwenye kubeba. Guta linabeba kidogo, mwenye kirikuu (pikapu ndogo) anataka hela yake, na dampo liko Buhongwa, huko si jirani. Hivyo msanii akiuliza achangie nini, mwambieni alipe gari. Glovu watu watavaa hata mifuko.

Na takataka nyingi hazizaliwi hapa. Zinateremka na Mto Mirongo tangu huko Mabatini, zinapita katikati ya jiji, zinaingia ziwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kweli ile mifuko imepungua, tumshukuru Mungu. Lakini chupa za maji, pampasi, vipande vya nyavu za nailoni, hivyo vipo palepale. Chupa angalau zina mtu, wale wa skrepa wanazipenda. Pampasi nani ataikota?

Kuna watafiti waliwahi kununua sangara na sato hapa hapa sokoni Mwanza, wakapasua matumbo, wakakuta plastiki kwenye samaki mmoja kati ya watano. Utafiti huo ulitoka miaka kumi iliyopita. Mwenye kuimba aimbe hilo.

Kamongo wa Igogo:

Mama shikamoo. Wabeja sana. "Alipe gari" hiyo naichukua kama ilivyo. Hata kwenye tangazo inasomeka: nakala kadhaa ni safari moja ya kirikuu kwenda Buhongwa. Mnunuzi anajua kanunua nini.

Mtazamo Mkali:

Mnajifurahisha wakuu.

Ziwa haliokolewi na shilingi 500 za nyimbo. Magugu maji yalionekana humu mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipofika katikati ya miaka ya 1990 meli zinashindwa kutia nanga. Kilichopunguza si wimbo wala fagio. Ni wale fukusi waliofugwa na kuachiwa ziwani wayatafune, kwa fedha za serikali na za wafadhili, na nchi tatu zikikaa meza moja. Sasa limekuja gugu jingine, salvinia. Mwanzoni mwa 2025 mmeona lilivyofunga njia ya vivuko Kigongo–Busisi. Bahati daraja lilifunguliwa Juni mwaka huohuo, magari yakapata pa kupita, lakini mvuvi hapiti darajani. Magugu yanakula mbolea na majitaka tunayoyamwaga. Hilo ni suala la mifereji, mabomba na halmashauri kukusanya taka kwa kodi ambazo tayari tunalipa. Ukimfanya msanii alipe kirikuu, unamsaidia anayetakiwa kulipa kirikuu akae kimya.

La pili, huo muziki wa mtandaoni nao si msafi mnavyodhani. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vya Glasgow na Oslo walionesha kwamba Marekani plastiki ya santuri na CD ilishuka kutoka kilo milioni 61 mwaka 2000 hadi milioni 8 mwaka 2016, lakini hewa ukaa ya kutunza na kusambaza muziki ikapanda, kutoka kilo milioni 157 hadi makadirio ya kati ya milioni 200 na 350. Zile kompyuta kubwa zinakula umeme usiku na mchana ili wewe urudie kibao kimoja mara arobaini.

Fundi Mitambo:

Mtazamo, hiyo hoja ya pili inamuunga mkono mleta uzi, sijui kama umeiona. Faili ukilinunua mara moja likakaa kwenye simu, unalipiga mwaka mzima bila bando na bila kompyuta ya mtu.

Mtazamo Mkali:

Hapo sina la kusema. Hoja ya kwanza bado imesimama.

Kamongo wa Igogo:

Imesimama na naiheshimu. Ila soma tena uzi: sikusema msanii aokoe ziwa. Nimesema aliyejitokeza mwenyewe kuahidi, ahadi yake iwe na tarakimu. Halmashauri tuwabane kwenye uzi wao, ukiufungua nitakuja.

Mjukuu wa Ukerewe:

Wakuu, nawasoma kutoka Nansio. Mnazungumzia Spotify na WhatsApp kama vile Mwanza inaishia Nyamagana. Muziki unaopigwa kweli kweli ukanda huu, kwenye mitumbwi ya dagaa usiku, kwenye daladala za Magu, kwenye harusi za Sengerema, nusu yake haujawahi kuliona jukwaa lolote. Unatoka kwenye vibanda vya kuchaji simu. Unampa kijana memori kadi yako, anakujazia nyimbo za Kisukuma na za kina sisi Wakerewe, unamlipa chake, unaondoka. Hayo ni mauzo ya muziki ya kidijitali, yapo kabla hata sijamaliza shule, na msanii hapati kitu.

Mnacheka, lakini hapo ndipo penye wanunuzi wanaoliona ziwa kila siku. Mvuvi hana muda wa kubonyeza kiungo. Ukimwambia memori kadi yenye nyimbo kumi za waimbaji wa hapa, imeandikwa kabisa kwamba mia mbili ni ya mwalo wenu, atanunua, maana mwalo ni wake. Kibanda kinabaki na chake, mwimbaji kwa mara ya kwanza anapata chake.

Shida ni moja. Kijana wa kibanda akishakuwa na faili, kesho anazijaza bure kwa rafiki. Sina dawa ya hilo.

Fundi Mitambo:

Bhabha, hiyo dawa hakuna mwenye nayo duniani. Ila si lazima kila nakala ilipiwe. Mwimbaji anaweza kumuuzia kibanda kwa jumla: lipa elfu ishirini ya mwezi, jaza unavyotaka, bandika karatasi ukutani kwamba kibanda hiki kimelipia. Hela ya ziwa inatoka kwenye hiyo ishirini. Na kabla ya yote nyimbo zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, maana usajili unampa huyo mwimbaji ushahidi wa kusimamia akimdai mtu.

Chizi wa Pasiansi:

Kibanda cha kwetu kikibandika karatasi hiyo, cha jirani kinabandika "HAPA BURE". Nawafahamu hawa watu.

Mjukuu wa Ukerewe:

😂😂 Kweli kabisa.

Dada wa Nyegezi:

Naomba nichepuke kidogo, si mbali.

Mmesema Dunia kuwa mtunzi mwenza. Kuna waliokwenda hatua moja zaidi: tangu Aprili 2024 maumbile yenyewe yamesajiliwa kama msanii. Ukitafuta NATURE kwenye Spotify unalikuta na ukurasa wake. Mpango unaitwa Sounds Right, chini ya Museum for the United Nations – UN Live, na hao EarthPercent ndio wanaopokea hela. Wanamuziki wanachukua sauti za mawimbi, ndege, mvua, wanaziweka kwenye wimbo, wanaandika kwamba wameshirikiana na NATURE, na fungu la mapato linakwenda kwenye uhifadhi. Australia walikuwa wameshafanya la kwao Desemba 2021: albamu nzima ya sauti za ndege 53 walio hatarini kutoweka, hakuna binadamu anayeimba, na ikaingia tano bora ya chati ya taifa. Mapato yakaenda BirdLife Australia.

Sasa mimi nauliza, nani karekodi ziwa letu? Furukombe akilia asubuhi pale kisiwa cha Saanane, sauti ile inafika hadi ng'ambo. Vyura wa Luchelele mvua ikianza. Wavuvi wakiita wakati wa kuvuta nyavu za dagaa, karabai zimewashwa. Mwingine yuko kimya na bado ni wa kuimbiwa: furu, wale samaki wadogo wa humu ziwani. Tulikuwa na aina mamia, sangara kaletwa miaka ya 1950 na 1960, akawala, na inakadiriwa aina kama 200 zikapotea. Bibi zetu walikuwa wanajua furu kwa majina, sisi tunajua "furu" basi.

Gharama ya kurekodi hivyo ni simu nzuri na kitambaa cha kuzuia upepo kwenye maiki. Na hakuna mwenye biti wa kudai.

Fundi Mitambo:

Dada, hiyo ya wavuvi kuita naomba tuizungumze faragha, nina maiki inayofaa. Ila hapo hapo kuna mtego: wale wavuvi ni waimbaji. Ukiwarekodi na kuuza, nao wana fungu. Wasiwekwe kundi moja na vyura.

Dada wa Nyegezi:

Umenena. Wasainishwe kama wasanii wengine.

Mama Dagaa Mwaloni:

Hao wavuta nyavu wakisikia kuna kusaini watataka posho kwanza. Lakini sauti wanazo, hasa wa Igombe.

Mtazamo Mkali:

Haya, mmenivuta, nakubali kidogo. Swali ambalo hamjalijibu tangu mwanzo: hela inakaa kwa nani? Namba ya msanii? Hapana. Namba ya mleta uzi? Hapana kabisa, samahani mkuu, sikujui.

Kamongo wa Igogo:

Hata mimi nisingejipa. Nilikuwa nafikiria BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, ya mwalo husika. Wana viongozi waliochaguliwa na wavuvi wenyewe, na usafi wa mwalo uko kwenye majukumu yao tayari.

Mjukuu wa Ukerewe:

BMU inategemea mwalo na mwalo. Zipo zinazofanya kazi vizuri. Zipo ambazo makokoro, zile nyavu haramu, yanapita mbele ya macho yao mchana kweupe na hakuna aliyeona. Mimi BMU ya kwetu siipi mia mbili ya memori kadi.

Mama Dagaa Mwaloni:

Kuna vikundi vya akina mama wachakataji dagaa. Tuna daftari, tuna mweka hazina, tunakopeshana na kurudisha kila wiki. Hela ikiingia kwetu inasomwa kwa sauti kwenye kikao, na asiyejua kusoma anasikia. Msanii akitaka, aje Alhamisi aone daftari kabla hajaimba chochote. Sisi gari tunajua pa kulipata na bei yake halisi, si bei ya kuandikiwa mgeni.

Fundi Mitambo:

Mimi nimeshawishika. Mleta uzi, nina msanii mmoja yuko tayari, ngoma imeshachanganywa, bado kuachiwa. Bei 1,000, na 500 inatoka juu kwenda kikundi cha mama. Karatasi ya mgawanyo ninaiandika kesho, picha yake naiweka hapa na majina yakiwa yamefunikwa. Risiti ya kirikuu nayo iwekwe hapa hapa.

Kamongo wa Igogo:

Nakala ya kwanza ni yangu. Mama, Alhamisi saa ngapi?

Mama Dagaa Mwaloni:

Saa tisa, dagaa wakishaanuliwa. Njooni na huyo msanii mwenyewe, meneja si lazima.

Mtazamo Mkali:

Nitanunua nami. Sharti langu moja: nikiweka hiyo lipa namba, jina litakalotokea kwenye simu yangu kabla sijaingiza namba ya siri liwe la kikundi. Nikiona jina la shemeji yake prodyuza, naghairi na narudi hapa na picha ya skrini.